Saa Iliyofundishwa Kusahau

"Tazama tena," Mwalimu wa umeme alisema, "halafu uniambie nani mwongo hapa, mimi au hii chipu."

Inspekta aliinama juu ya meza. Kati ya nyaya na vikombe vya kahawa iliyopoa ililala bodi ya kijani, ukubwa wa kiganja, iliyong'olewa kutoka kwenye tumbo la mashine ya kukandamiza sufuria. Katikati yake palikaa kidude cheusi kidogo kuliko ukucha, chenye miguu myembamba kama ya sisimizi. Hiyo ndiyo chipu ya saa. Haikuwa saa ya kusomea muda. Kazi yake ilikuwa kupiga mapigo, na mashine nzima ilikwenda kwa mapigo hayo, ikipanda na kushuka kama ilivyoamriwa.

Mwalimu alibonyeza kompyuta yake. Taa nyekundu kwenye bodi, iliyokuwa ikipepesa polepole, ikaanza kupepesa mbio.

"Nimeiamuru iende mara mbili ya mwendo wake. Imetii. Sasa naikatia umeme."

Akachomoa plagi, akasubiri kidogo, akaichomeka tena. Taa ikarudi kupepesa taratibu, kama mtu asiye na hatia.

"Imesahau," Inspekta alisema.

"Imesahau kila kitu. Niko nayo tangu asubuhi. Nimebadilisha waya, nimeiwashia kwa betri, nimeiwashia kwa umeme wa ukutani, nimeazima kompyuta ya mwenzangu. Ni yaleyale. Ukiiamuru inatii, ukiizima inarudi kwenye mwendo iliotoka nao kiwandani ilikotengenezwa."

Alikuwa mwanamke mfupi, mimba yake imefika miezi ya mwisho, naye alifanya kazi ameketi upande kwa sababu tumbo halikumruhusu kuisogelea meza. Alifundisha katika chuo cha ufundi na hakuwapenda polisi. Alikwisha kumwambia Inspekta hivyo pale mlangoni, bila kumung'unya. Lakini kitu kibovu hakuweza kukikataa. Hilo Inspekta alikuwa ameambiwa na watu, na ndilo lililomleta.

Maana kwingine kote alikuwa amegonga ukuta. Mtu alikuwa amekufa kwenye mashine hiyo. Kiwandani walimwita Mluzi, kwa kuwa alipiga mluzi kutwa nzima akiwa kazini, na mluzi wenyewe haukuwa wa kujifurahisha tu. Mashine ilikuwa ya kizamani. Nyundo yake ilishuka, ikakandamiza kisahani cha alumini kikawa sufuria, ikapanda, ikangoja juu, kisha ikashuka tena yenyewe bila kumwuliza mtu. Katika kule kungoja ndipo mkono wa mfanyakazi ulipoingia kutoa sufuria na kuweka kisahani kingine. Mluzi alijipimia kwa wimbo. Alianza mstari nyundo ikipanda, na mstari ulipoisha mkono wake ulikuwa nje. Alifanya hivyo miaka bila hata kujikwaruza. Siku hiyo nyundo ilishuka mstari ukiwa katikati. Ilimshika mkono wa kulia mpaka begani, na gari la wagonjwa lilipofika halikuwa na mgonjwa wa kubeba.

Wakaguzi wa usalama kazini wakaja, wakaiwasha mashine, wakaikandamizia rundo zima la sufuria. Kila mara ilingoja kama inavyotakiwa. Wakaandika: uzembe wa marehemu. Meneja wa kiwanda akaomba mashine irudi kazini. Jalada lingefungwa siku ileile kama si dada wa marehemu.

Dada huyo alikuwa muuguzi. Alifika kituoni na sare yake nyeupe, akaketi mbele ya Inspekta, akakataa maji, akakataa pole.

"Pole nimepewa na kila mtu, afande, nimeshiba. Kaka yangu nimemwosha kwa mikono yangu. Kila kata ya maji niliyommwagia nilimwapia kwamba aliyemfanyia hivi hatakula akashiba. Yeye hakukosea mapigo. Wakaguzi wanasema mashine haikukosea. Basi kama mashine haikukosea, na yeye hakukosea, kuna mtu."

Inspekta alikuwa amewasikia wafiwa wengi wakisema kuna mtu. Wengi wao humtafuta mtu kwa sababu mtu anaweza kuchukiwa, ilhali Mungu hawezi. Lakini maneno ya mwanamke yule yalisimama wima kama hesabu. Ndipo akaamuru bodi ing'olewe.

"Nieleze kama unamweleza mwanafunzi mzito," alimwambia Mwalimu sasa. "Kwa nini inasahau?"

"Chipu kama hizi zina kumbukumbu mbili. Moja ni ubao na chaki. Unaandika, chipu inafuata, ukizima umeme ubao unafutika. Ya pili ni kuchonga kwenye jiwe. Ukitaka mabadiliko yadumu, unaandika kwanza kwa chaki, ukiridhika unaiamuru ichonge. Watu wengi hawajui hiyo hatua ya pili. Wananiletea huku wanalia kwamba chipu ni mbovu, kumbe wao ndio hawakumaliza kazi. Nilidhani na hii ni hivyohivyo."

"Si hivyo?"

"Nimeiamuru ichonge. Inakataa. Mara ya kwanza nilijilaumu mimi. Mara ya pili nikailaumu chipu. Sasa nataka kuilaumu bodi."

Alivuta kioo cha kukuzia chenye taa, akaishusha bodi chini yake. Ncha ya sindano yake ilitembea polepole juu ya njia za shaba, kama mtu anayefuata mto kwenye ramani.

"Ili ichonge, mguu huu lazima upate umeme. Umeme unatoka hapa, unapita chini ya hiki, unatokea…" Sindano ikasimama. "Njoo uone."

Inspekta aliona doa dogo jekundu, kama tone la damu lililokauka. Mwalimu alilikwaruza kwa sindano. Gamba likabanduka, na chini yake njia ya shaba ilionekana imekatika, mkato mmoja, mwembamba, ulionyooka.

"Hii haikuungua wala haikuliwa na kutu," Mwalimu alisema. "Hii ni wembe. Mtu ameikata, kisha akafunika jeraha lake." Aliliweka gamba kwenye kitambaa, akalidondoshea dawa kutoka kwenye kichupa, akalinusa likiyeyuka. "Na amelifunika kwa rangi ya kucha. Usinitazame hivyo, afande. Mimi nimejipaka hii tangu nikiwa msichana, harufu yake hainipotei."

"Ni fundi gani angetaka chipu isahau?"

"Hakuna. Kazi yetu yote ni kuvifanya vitu vikumbuke."

Inspekta aliuzungukia ule wasiwasi uliokuwa ukimtafuna tangu mwanzo, na kwa mara ya kwanza akaiona sura yake. Mashine iko kazini. Mtu anaiandikia kwa chaki iende mbio. Nyundo inashuka kabla ya wakati, mfanyakazi anapiga ukelele, na wote wanakimbilia kitu kimoja: swichi kuu. Umeme unakatwa. Wakaguzi wanapokuja kuiwasha, chipu imekwisha kusahau ilichoamriwa, inapiga mapigo yake ya siku zote. Shahidi wa pekee amefutwa akili, tena amefutwa na wale waliokimbia kuokoa.

"Basi si hitilafu," alisema. "Ni mauaji."

Mwalimu aliweka sindano chini na kujishika tumbo. "Huyo mtu ukimpata," alisema, "niite mahakamani. Nitakuja hata kama nina mtoto mgongoni."

*

Ofisi ya Meneja ilikuwa ghorofani, juu ya ukumbi wa mashine, na feni iliyosimama pembeni iligeuza kichwa huku na huku ikimpoza mtu mmoja tu. Meneja alikuwa mnene wa shingo, mwepesi wa maneno. Inspekta alipoingia na Koplo wake, aliwakaribisha kama wanunuzi.

"Nimesikia mmechukua bodi yetu. Mashine imelala, Inspekta. Nina oda za watu."

"Nani aliagiza muda wa kungoja ubadilishwe?"

Feni ikageuka. Meneja alitazama kalamu yake.

"Nani kasema umebadilishwa?"

"Nakuuliza wewe."

"Sikiliza. Kila kiwanda kinatafuta namna ya kwenda mbele. Nilimwambia Fundi apunguze kidogo. Kidogo! Kama kupumua. Siyo kumkata mtu mkono. Na hata hicho kidogo hakikushika. Fundi alipandisha namba mpya, tukafanya kazi, tulipozima mashine na kuwasha ikarudi kulekule. Akajaribu tena, ikarudi tena. Akaniambia chipu ni mbovu, ninunue bodi nyingine. Tukaachana nayo."

"Siku ya ajali je?"

"Siku hiyo nilikuwa hapahapa na wageni wangu, waulize. Na hata kama ungenishuku, Inspekta, mimi nikishika bisibisi naumia."

Koplo alimkonyeza Inspekta: tumchukue? Meneja alikuwa akitoka jasho mbele ya feni. Lakini Inspekta alikuwa anahesabu kitu kingine.

"Wakati wa mapumziko ya asubuhi mnafanya nini na mashine?"

"Tunazima zote. Swichi kuu. Ni sheria yangu."

"Na Mluzi alikufa baada ya mapumziko."

"Ndiyo. Walikuwa wamerudi kazini muda mfupi tu."

Basi chochote kilichoandikwa asubuhi kilifutika mapumzikoni. Aliyeandika aliandika baadaye, mashine ikiunguruma na mtu akiwa mbele yake. Agizo la Meneja lilikuwa la ulafi, lakini ulafi huandika mapema, kabla ya kazi kuanza. Huyu aliyeandika katikati ya kazi alikuwa anamngoja mtu.

"Fundi wako ni mtu wa namna gani?"

"Fundi? Muaminifu kupita kiasi. Hata baada ya yale yaliyompata hajakosa kazi siku moja."

"Yapi yaliyompata?"

"Mambo ya familia tu," Meneja alisema upesi, akaangalia saa.

*

Chini ukumbini, Koplo alimvuta Inspekta mkono.

"Afande, yule pale. Kucha."

Kwenye mashine ya jirani, ile ya kukata mifuniko, alisimama mwanamke mkubwa wa mwili, amefunga kilemba cha buluu. Mikono yake ilikuwa myeusi kwa vumbi la alumini mpaka kwenye viwiko, na kwenye ncha za vidole hivyo vyeusi zilimetameta kucha kumi nyekundu. Wenzake walimwita Mama Mifuniko. Inspekta alimwomba azime mashine yake, naye akazima kwa kiuno, bila kuigusa kwa mkono.

"Rangi nzuri," Inspekta alisema.

"Asante, mwanangu. Mikono hii kutwa inashinda kwenye vumbi, imekuwa kama ya fundi baiskeli. Nikasema kucha angalau zijue mimi ni mwanamke."

"Siku aliyokufa Mluzi ulikuwa hapa?"

Uso wa Mama Mifuniko ulijifunga. "Nilikuwa pale pale ninaposimama sasa. Tulirudi kutoka mapumzikoni. Akaanza kazi, mluzi wake kama kawaida. Ametoa sufuria ya kwanza, ya pili, kijirundo kizima, yuko salama. Mimi mgongo nimempa, lakini ule mluzi nilikuwa nausikia hata nisipousikiliza, kama unavyosikia moyo wako. Mara ukakatika. Haukuisha, ulikatika. Nikageuka." Alipangusa pua kwa bega. "Mengine usiniulize."

"Ulikwenda nyuma ya mashine yake?"

"Kufanya nini? Huko nyuma ni kwa Fundi."

"Nauliza kwa sababu ya rangi ya kucha. Tumeikuta mahali ambapo haikupaswa kuwa."

Mama Mifuniko alimtazama, akamtazama Koplo, kisha akacheka kicheko kimoja kikavu. "Ndiyo maana huyu kijana ananikodolea macho! Mwanangu, ukikamata watu kwa rangi nyekundu utabeba kiwanda. Rangi yangu ikianza kukauka chupani nampa Fundi. Anatia tone kwenye kila skrubu anayokaza ili isilegee. Zunguka uone. Penye doa jekundu pote umepita mkono wake. Tunamtania, tunamwambia mashine zako umezipamba, mahari unapokea lini?"

Inspekta aligeuka polepole. Kwenye mguu wa mashine ya mifuniko, tone jekundu. Kwenye kisanduku cha umeme ukutani, matone manne, moja kila pembe. Alikuwa amepita hapo mara kadhaa na kuyaona kama kutu.

"Ni wewe uliyempa hata hii ya mwisho?"

"Mimi. Sasa kosa langu nini?"

"Huna kosa, mama. Niambie, Fundi alipatwa na nini?"

Mama Mifuniko alishusha sauti, ingawa mashine zilikuwa zikilia kote. "Hamjui? Ile mashine ilianza na mwanawe. Kijana wa watu, mpole, alikuwa anaifanyia kazi kabla ya Mluzi. Breki ilikuwa imelika, kila mtu alijua. Ikamla kiganja. Likaitwa baraza la uchunguzi. Mluzi akasimama, akainua mkono, akaapa kwamba kijana alikuja kazini amelewa. Basi, kiwanda kikanawa mikono. Kijana akafukuzwa na jina la mlevi juu. Hakuna aliyemwajiri. Wakwe watarajiwa wakarudisha maneno yao. Mwisho akanywa sumu." Aliinua kichwa. "Mtoto yule hakuwahi kuonja hata togwa iliyochacha. Kitu kikali cha kwanza kupita kooni mwake kilikuwa hicho."

"Na Mluzi?"

"Akapewa mashine yake."

*

Karakana ya Fundi ilikuwa chumba cha mwisho, safi kuliko chumba chochote kiwandani. Bisibisi zimepangwa kwa urefu, nyaya zimeviringwa na kufungwa. Fundi mwenyewe alikuwa mwembamba, mvi zimetangulia miaka yake, miwani imeungwa mkono mmoja kwa waya wa shaba. Alifuta kigoda kwa kitambaa na kumkaribisha Inspekta aketi.

Dada Muuguzi alikuwa amekuja siku hiyo kuchukua nguo za kaka yake kwenye kabati la wafanyakazi. Inspekta alimkuta mlangoni pa karakana na mfuko mkononi, akamwomba angoje nje. Hakumwomba aende mbali.

"Chipu ile," Inspekta alianza. "Kwa nini inasahau?"

"Mbovu. Nilimwambia Meneja. Nilihangaika nayo nikachoka."

"Uliifungua bodi?"

"Hapana. Sikuigusa kabisa. Nilipandisha namba kwa waya tu, kupitia tundu la nyuma ya mashine."

"Siku ya ajali ulikuwa wapi?"

"Kwenye jenereta."

"Baada ya mapumziko?"

"Baada ya mapumziko."

Inspekta alifungua bahasha, akaitoa bodi na kuiweka mbele yake. Akaweka na kioo cha kukuzia juu yake, alichokiazima kwa Mwalimu.

"Tazama hapo."

Fundi alitazama. Alitazama kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika kuona doa. Kisha alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, na Inspekta akajua kwamba hatasema uongo mwingine.

"Mkono ukizoea," Fundi alisema, "hauulizi kichwa. Shaba niliiacha wazi, nikaona itakula kutu. Nikatia tone. Sikufikiri."

"Uliikata lini?"

"Meneja aliponiambia nipunguze muda. Ndipo nilipopata wazo. Niliikata, nikamwonyesha kwamba haishiki, ili siku ikitokea kila mtu aseme chipu ni mbovu, inajirudia yenyewe. Na kweli inajirudia."

"Hukuwa kwenye jenereta."

"Nilikuwa nyuma ya mashine. Nilikaa chini kama ninayekaza skrubu. Waya tunduni, kidole kwenye kitufe." Sauti yake haikupanda wala kushuka. "Nilikuwa namsikiliza. Unajua nimemsikiliza miaka mingapi? Mtu aliyemfukia mwanangu, akipiga mluzi kwenye mashine ya mwanangu. Nilijua mstari unaanzia wapi. Nilijua mkono unaingia kwenye neno gani. Nikangoja neno hilo."

Inspekta aliuliza alilopaswa kuuliza.

"Ulitaka kumwua?"

"Nilitaka mkono. Mkono wa kulia, ule aliouinua kuapa. Roho yake ningefanyia nini? Nilitaka aishi kama alivyoishi mwanangu, watu wakimwangalia kigutu cha mkono na kumwita mzembe. Wakaguzi walipoandika uzembe, nilikwenda kaburini kwa mwanangu nikamsomea." Kwa mara ya kwanza alitabasamu, kidogo. "Sijutii. Andika hivyo. Nimelipa kisasi."

"Hujalipa."

Sauti ilitoka mlangoni. Dada Muuguzi alikuwa ameingia, mfuko wa nguo ameukumbatia. Koplo alijongea kumzuia. Inspekta alimwashiria amwache.

Alisimama mbele ya Fundi, karibu kabisa, wala hakupaza sauti.

"Mimi ni dada yake."

"Nakujua," Fundi alisema. "Umekuja kunitukana? Tukana. Una haki."

"Kaka yangu alisema uongo. Sikatai. Alikuwa mwoga tangu utotoni. Lakini uongo wenyewe haukuwa wake. Jioni ya kabla ya baraza, bosi wako alikuja nyumbani kwetu. Mimi ndiye niliyemfungulia mlango. Mimi ndiye niliyemletea kiti. Akamwambia kaka yangu, ama kesho kijana atakuwa mlevi, ama wewe ndiye uliyekabidhiwa breki ukaiacha, na utakwenda jela. Chagua. Akakaa hapo mpaka kaka yangu alipoyarudia yale maneno bila kukosea, kama mtoto anayekariri. Alipoondoka, kaka yangu alitapika."

Fundi aliisogeza bodi kando.

"Ile mashine hakuiomba. Alipewa, ili kila mtu adhani kwamba aliitaka. Akiikataa, ataulizwa kwa nini." Mwanamke alivuta pumzi. "Umemwua aliyetumwa, baba. Aliyemtuma yuko juu hapo anapigwa upepo. Ile feni nani humtengenezea?"

Fundi aliushika ukingo wa meza.

"Nimekuuliza. Feni ya Meneja, nani humtengenezea?"

"Mimi," Fundi alisema.

"Lini mara ya mwisho?"

"Jumatatu."

"Na ukamsalimia."

"Na nikamsalimia."

"Niliingia humu nikitaka ufe," Dada Muuguzi alisema. "Sasa sitaki. Nataka uishi sana. Mahali penye ukuta mmoja wa kutazama."

Aligeuka kuondoka. Hapo ndipo Fundi aliponyanyuka. Aliupita mkono wa Inspekta kama maji, bisibisi ndefu kuliko zote mkononi, na alikuwa amefika mlangoni alipodakwa na Koplo. Mtu mwembamba vile, lakini ilibidi Koplo ambane ukutani kwa uzito wake wote.

"Dakika moja!" Fundi alilia, na kilio kile kilikuwa kimekaa ndani miaka. "Nifungeni, ninyongeni, lakini nipeni dakika moja na yule! Kila siku nilikuwa naye! Nilikuwa namshikia ngazi!"

Inspekta alimnyang'anya bisibisi, akamfunga pingu, akamketisha kwenye kigoda kilekile alichokuwa amekaribishwa yeye. Fundi aliinama mpaka miwani ikaanguka. Hakuna aliyeiokota.

Nje, Dada Muuguzi alikuwa ameegemea ukuta. Macho yake yalikuwa makavu.

"Na yule wa juu?" aliuliza. "Yeye hakushika waya wala hakubonyeza kitufe. Sheria yenu ina mahali pa mtu kama huyo?"

"Kumtisha shahidi aape uongo ni kosa, na halifi kwa sababu shahidi amekufa. Lakini nitahitaji mtu aliyesikia. Yale uliyoyasema humo ndani, utayarudia mbele ya hakimu, huku yeye anakutazama?"

"Hasa akinitazama."

Inspekta alipanda ngazi peke yake. Meneja alikuwa kwenye simu. Alimwonyesha kidole kimoja, asubiri, akamaliza maneno yake, akaweka simu chini na kujifuta shingo.

"Nimesikia kelele. Kwa hiyo ni Fundi? Maskini. Uchungu wa mwana. Nilikuwa na wasiwasi naye muda mrefu." Alitikisa kichwa. "Basi mmemaliza. Mashine niiwashe kesho?"

"Jioni moja kabla ya baraza la uchunguzi," Inspekta alisema, "ulikwenda nyumbani kwa Mluzi. Ulikuwa na shida gani iliyokupeleka?"

Feni iligeuka mpaka mwisho wake, ikarudi.

"Nani kasema?"

"Aliyekufungulia mlango."

Meneja aliutafuta mkono wa kiti chake nyuma bila kugeuka, akaukosa, akautafuta tena. Alisema anataka kumpigia mtu simu. Inspekta alisema atapiga kituoni. Meneja alisema hapana haja ya kupita ukumbini, kuna ngazi ya nyuma. Inspekta alisema wao watapita ukumbini.

Mashine zilikuwa zimezimwa. Hakuna aliyewaambia wafanyakazi wazizime. Walisimama kati ya marundo ya sufuria, kuanzia chini ya ngazi hadi mlango mkuu, na Mama Mifuniko alikuwa mbele yao, mikono yake myeusi ameikunja kifuani. Meneja aliteremka kipandio cha mwisho, akasema, "Hebu nipisheni." Ilibidi apite kwa ubavu, akijibana, bega kwa bega, mtu baada ya mtu, kwa sababu hakuna aliyesogea hata hatua moja.